Dakika arobaini na nne baada ya kushinda: uchambuzi wa kisa kimoja cha mtaa wa Umoja, Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ijumaa tarehe 22 Agosti 2025, mwanamke mmoja wa chama chetu cha kukopeshana alikuwa Gikomba, soko la mitumba, amesimama mbele ya robota la nguo za watoto lililokuwa ndiyo kwanza linakatwa kamba. Anayeijua Gikomba anajua dakika hizo zilivyo: wa kwanza kutia mkono ndiye anayeondoka na camera, zile nguo safi ambazo ukizitundika Umoja hazimalizi siku mbili. Wanaochelewa wanagawana fagia. Akachagua vipande vyake, akavibana kwapani, akatoa simu alipe. Pesa hazitoshi. Akadhani ni mtandao, akajaribu tena. Akaangalia salio akakuta sufuri, na chini yake deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojaza pengo salio lisipotosha.

Alikuwa amelala na shilingi 7,305. Hesabu hiyo aliijua kwa sababu kila usiku huitazama kabla ya kulala, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Akampigia mteja wake mmoja aliyekuwa na deni, akambembeleza amtumie 800 upesi. Ujumbe ukaingia kwamba 800 zimefika, na mwingine ukafuata papo hapo kwamba zimekwenda kulipa Fuliza. Akaviachia vile vipande. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alividaka kabla havijagusa chini.

Mimi alinipigia saa kumi na mbili kasoro. Mimi ni mweka hazina wa chama, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa hesabu miaka kumi na mmoja, kwa hiyo watu wetu wakipotelewa na pesa huanza na mimi kabla ya polisi. "Dada, wameniingilia," alisema. Hao "wao" hakujua ni nani. Sote wawili tuliwafikiria wale matapeli wanaopiga simu wakijifanya ni watu wa huduma kwa wateja.

Naandika kwa ruhusa yake. Sharti lake lilikuwa nisimtaje yeye, mwanawe, duka wala gemu la simu lililozimeza pesa hizo, na mengine madogo nimeyabadilisha ili majirani wasianze kubahatisha.

Karatasi sita

Ujumbe wa M-Pesa unafutika, taarifa ya M-Pesa haifutiki. Tuliiagiza kwa simu, ikaja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri, nikaenda kuichapisha kwenye saiba kwa sababu mimi hesabu ya kwenye skrini siioni vizuri, nataka kalamu. Karatasi sita. Nikaanza kupiga mstari chini ya kila kitu ambacho mwenye simu hakikumbuki.

Jina moja la Till, ile nambari ya kulipia dukani kwa M-Pesa, lilikuwa linarudi. Ukilisoma ni duka la vifaa vya simu: chaja, kava, vioo vya kubandika. Malipo ya kwanza yalikuwa ya Jumatatu tarehe 4 Agosti, siku ya kwanza ya kazi tangu shule zifungwe: shilingi 130. Siku tatu kimya. Halafu 130 mara mbili kwa siku moja. Halafu 620. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa nimehesabu malipo 38, jumla shilingi 16,490.

Mama aliliangalia lile jina la duka, akanyamaza, kisha akamwita mwanawe kwa majina yote, la ubatizo hadi la ukoo.

Hapo ndipo wengi huishia, na mimi nusura niishie hapo. Jumla ikishapatikana kesi imekwisha: mtoto ameiba, kilichobaki ni adhabu. Kilichonirudisha kwenye karatasi ni mazoea tu ya kazi. Karani aliyefunzwa vizuri hasomi safu ya pesa peke yake. Husoma na safu ya saa. Mwizi wa ofisini ana saa zake, mlipaji wa kweli ana zake, na ukizitazama kwa muda unaanza kuona mtu yuko katika hali gani alipokuwa anabonyeza.

Siku kumi na saba za kwanza zilikuwa na malipo 24, yametawanyika: moja asubuhi, mbili jioni, siku nyingine hakuna. Jumla yake 8,090. Utauliza mama anayeangalia salio kila usiku aliyakosaje. Salio la usiku humwambia kilichobaki, halimwambii kilichotoka. Pesa za mitumba zinaingia na kutoka mchana kutwa, na shilingi 130 ni nauli ya kwenda tao na kurudi. Yeye aliona tu kwamba mauzo yamelegea, akasema ni likizo, wazazi hawana pesa.

Kisha Alhamisi tarehe 21, usiku. Malipo 14 kutoka 21:52 hadi 23:31, jumla 8,400. Zaidi ya nusu ya hasara yote ilitoka katika dakika 99, mama akiwa amelala chumba cha pili kwa sababu saa kumi alitakiwa awe ameamka. Ya mwisho ilikuwa ya 1,180 wakati pochi ilikuwa imebaki na shilingi 85. Hiyo ndiyo iliyozaa deni la 1,095, bila kuhesabu ada, lililomkuta Gikomba.

Nafasi kati ya malipo ndizo zilizonifanya niweke kalamu chini. Mwanzoni dakika 17, halafu 12, halafu 12 tena, halafu 8. Baadaye tano, nne, nne. Anayenunua kitu anachokihitaji hanunui hivi. Mwizi pia haibi hivi, maana mwizi angejitumia zote mara moja akazime simu.

Kwenye ngazi, na kalamu

Niliketi na kijana kwenye ngazi za ploti, nje, kwa sababu ndani kulikuwa na kelele. Ana miaka kumi na minne, Gredi ya 9, mpole, wa kusaidia majirani kupandisha mitungi ya maji. Nilimpa karatasi na kalamu nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu mgeni kazini. Alianza kwa kunong'ona, ila baada ya dakika tano alikuwa anaeleza kwa ufasaha wa mtu anayeijua kazi yake.

Gemu ni la mpira wa miguu, la simu, la kupakua bure. Timu unajijengea, na wachezaji wazuri hawanunuliwi kwa jina, wanatoka kwa kuspini. Mzunguko mmoja ni koini 100. Ukibonyeza, uwanja unakuwa giza, taa zinamulika, mlango unafunguka polepole, na rangi ya mwanga inakuonya kabla: ukiwa mweupe ni wa kawaida, ukiwa wa dhahabu moyo unaruka. Mara nyingi sana ni mweupe. Kila wiki analetwa nyota mmoja wa zamani, kando yake saa inayohesabu kurudi nyuma, na saa hiyo ikifika sufuri ameondoka. Yule wa wiki ile alikuwa anaondoka usiku wa Alhamisi.

"Na koini unatoa wapi?"

"Kwa msee wa koini, anti. Unalipa Till, unamtumia namba yako ya gemu kwa WhatsApp, anakuwekea. Hata usiku wa manane anajibu."

Bei zake ndizo zile namba tatu nilizoziona: koini 100 kwa shilingi 130, koini 550 kwa 620, koini 1,050 kwa 1,180. Hebu zitazame vizuri, kwa sababu hapa kuna fundi. Mzunguko ni 100. Ukinunua 550 unazungusha mara tano na 50 zinabaki. Ukinunua 1,050 unazungusha mara kumi na 50 zinabaki. Kila mara unaachiwa nusu ya mzunguko mkononi, kitu kisicho na kazi yoyote mpaka uongeze. Mimi nimeuza na kununua maisha yangu yote, na ninaijua chenji inayoachwa makusudi.

Halafu kuna hilo la koini zenyewe. Nilimuuliza mzunguko mmoja ni shilingi ngapi. Alifikiri, akasema "kama mia hivi?" Alikuwa amezungusha zaidi ya mara mia na bei hakuijua, kwa sababu ilitegemea amenunua kwa kipimo gani. Nikamuuliza chapati ngapi. Hilo alilipiga hesabu mara moja na uso ukambadilika.

PIN ya mama aliijua tangu Gredi ya 5. Haikuibwa. Mama alikuwa akipanga nguo huku wateja wamesimama, anamwambia "mtumie huyu mia tatu, PIN unaijua", na mtoto akawa karani. Sokoni kwetu karani wa namna hiyo yuko karibu kila meza. Simu usiku ilikuwa kwake kwa ajili ya kazi za shule na kuchajiwa, na jumbe za malipo alikuwa anazifuta zikiingia.

Nilifungua gemu mwenyewe nione zimebaki koini ngapi. Kwa malipo yale 38 alikuwa amenunua koini 14,350, yaani mizunguko 143 na chenji ya 50. Pale juu kulia ya skrini palikuwa pameandikwa 50. Hesabu ikafunga.

Saa 22:47

Nilidhani kisa nimekimaliza: kijana alimtaka nyota, saa ilikuwa inakimbia, akaingiwa na wazimu akamaliza pesa za mama bila kumpata. Ndivyo nilivyomwambia mama. Kijana akatikisa kichwa. "Nilimpata, anti."

Akanionyesha picha ya skrini aliyoituma kwenye kundi la WhatsApp la wenzake. Nyota huyo hapo, dhahabu tupu, na chini yake mioto na vichwa vya kucheka kutoka kwa vijana ambao walipaswa kuwa wamelala. Saa ya ujumbe: 22:47.

Nikaiweka simu juu ya karatasi, saa kwa saa. Kabla ya 22:47 kulikuwa na malipo matano: 130, 130, 620, 620, 620. Jumla 2,120. Pochini zilikuwa zimebaki 5,185. Alikuwa amepata alichokitaka, wenzake wamemshangilia, na angelala hapo mama angefika Gikomba na pesa za kutosha vipande vya kuanzia wiki. Baada ya 22:47 kuna malipo tisa. Shilingi 6,280, karibu mara tatu ya zile zilizomleta yule nyota, ndani ya dakika 44.

"Ulikuwa unatafuta nini tena?"

Alikaa sana. "Niliona bahati imefunguka. Sikutaka ijifunge."

Kisa chote kwangu kiko katika jibu hilo. Tungebaki na jumla pekee, tungeandika "wizi, 16,490" na kufunga daftari. Saa zinaonyesha mtu ambaye zawadi iliacha kuwa na maana alipoipata, kikabaki kile kitendo cha kubonyeza na kungoja mlango ufunguke. Mtu mzima akifanya hivyo kwenye kasino tunalo jina lake. Kijana mwenyewe jina hilo hakulikubali. Nilipotamka "kamari" aliniangalia kama nimemtukana. "Beti ni ya pesa, anti. Hii ni gemu."

Namna mlango ule unavyofanya kazi ilijulikana zamani, kabla ya simu. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaweka njiwa kwenye masanduku wadonoe kitufe wapate punje. Kinachopatikana kila baada ya midono kadhaa inayojulikana humfanya njiwa apumzike akishakula. Kinachopatikana bila mpangilio, mara baada ya midono mitatu, mara baada ya hamsini, humfanya adonoe mfululizo, na hata punje zikikatizwa kabisa huendelea kwa muda mrefu. Mashine za kasino zimesimama juu ya hilo. Paki na masanduku ya bahati kwenye magemu, yale unayolipia bila kujua kilichomo, pia.

Naye njiwa wetu alishwa mapema. Ile 130 ya kwanza, ya tarehe 4, ilimpa kwa mzunguko mmoja tu mchezaji wa dhahabu wa daraja la pili. Alikumbuka hadi alikuwa ameketi wapi.

Asilimia moja

Kuna kitufe kidogo chenye herufi i, na ukikibonyeza gemu linakuambia uwezekano wa kumpata nyota: asilimia moja kwa kila mzunguko. Uwazi huo haukuja kwa hiari. China ililazimisha kampuni zitangaze uwezekano tangu Mei 2017, na Desemba mwaka huohuo Apple ikaliweka kuwa sharti kwenye duka lake la programu. Nilitarajia kijana hajawahi kukibonyeza. Alikuwa amekibonyeza, amekisoma, na kilimdhuru zaidi.

"Asilimia moja ni moja kwa mia. Kwa hiyo ukispini mia lazima aje."

Tulichukua kikokotoo. Kumkosa kwa mzunguko mmoja ni 0.99. Kumkosa mara mia mfululizo ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara mia, na inatoka 0.366. Maana yake, wakiketi vijana mia wa Umoja kila mmoja azungushe mara mia, wapatao 37 wataondoka mikono mitupu, na kila mmoja wao atakuwa anaamini mzunguko wa mia moja na moja ndio wake. Kwa mizunguko 143 aliyofanya yeye, wapatao 24 wangekosa bado. Na mlango haukumbuki umekufungulia lini: baada ya 22:47 uwezekano ulikuwa ni asilimia ileile moja. Alirudia zoezi lile mara tatu, kila mara akitumaini namba itabadilika.

Siwezi kusema kijana huyu ni mgonjwa wa kamari, na sipendi watu wanaotoa hukumu hiyo kwa mtoto kwa sababu ya likizo moja. Ninachojua ni kwamba watafiti wa Uingereza, David Zendle na wenzake, waliwauliza vijana 1,155 wa miaka 16 hadi 18 mwaka 2019, wakakuta wanaotumia pesa nyingi zaidi kwenye masanduku ya bahati ndio wenye dalili nzito zaidi za tatizo la kamari, tena uhusiano huo ulikuwa na nguvu kuliko ule uliokuwa umeonekana kwa watu wazima. Kipi kinazaa kipi, uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi. Inawezekana sanduku linamfundisha kijana kamari, inawezekana mwenye mwelekeo wa kamari ndiye anayevutwa na sanduku. Kwa mama aliyesimama Gikomba tofauti hiyo ni ndogo.

Mjomba, na bei ya akaunti

Jumapili mjomba wa kijana alikuja kutoka Kayole. Kwa mujibu wa mila ni yeye wa kusema na kijana, kwani baba hayupo. Alikuja na fimbo ya maneno na, nadhani, fimbo nyingine nyuma ya mlango. Mwizi ni mwizi, leo ni simu ya mama kesho ni duka la mtu. Alipokuwa anasema hayo simu yake ilikuwa mezani, skrini juu, na mkeka wake wa beti wa Jumamosi ulikuwa bado unaonekana: mechi tisa, moja imechanika.

Simcheki. Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika kama wamewahi kucheza kamari, na Kenya iliongoza kwa asilimia 76. Mjomba ni Mkenya wa kawaida tu. Lakini nilimuuliza swali moja: mara ya mwisho mkeka ulipoingia, alitoa pesa zote akapumzika, au alirudisha? Alicheka, akasema maswali ya makarani ni mabaya. Fimbo haikutoka.

Kisha mjomba akatoa wazo ambalo lilinifundisha kuliko yote aliyosema. "Hiyo akaunti tuiuze." Na kweli, inauzwa. Kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook ya Nairobi akaunti zenye nyota huwekwa bei kama pikipiki za mtumba, picha nne na namba ya simu. Kijana aliwahi kuambiwa ya kwake inaweza kwenda 3,500.

Mabishano ya dunia nzima kuhusu masanduku haya yamekwama hapo hapo. Uingereza inapima kamari kwa sheria yake ya 2005: zawadi lazima iwe pesa au kitu chenye thamani ya pesa, na mchezaji wa kwenye skrini asiyeweza kurudishwa kuwa pesa ndani ya gemu anahesabiwa si kitu. Mwaka 2022 serikali yao ilikataa kuipanua sheria hiyo, ikaziachia kampuni zijirekebishe. Ubelgiji ilitazama jambo lilelile Aprili 2018 ikasema ni kamari isiyo na leseni, na Januari 2019 kampuni ya magemu ya EA ikaacha kuuza pointi za gemu lake la mpira, FIFA, huko. Uholanzi ilijaribu kuwatoza EA faini ya euro milioni 10, na mahakama yake ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta Machi 2022. Marekani haikuingia kabisa kwenye ubishi wa neno kamari: Januari 2025 tume yake ya biashara ilifikia makubaliano na watengenezaji wa gemu la Genshin Impact walipe dola milioni 20 na wasiwauzie masanduku walio chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi. Lalamiko mojawapo lilikuwa kwamba sarafu za ndani ya gemu zimetengenezwa kwa namna ya kuficha bei halisi. Nilipoisoma hiyo niliikumbuka ile chenji ya koini 50.

Kwetu, mwezi huohuo wa Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Macho ya nchi yako kwenye kampuni za beti na ule mchezo wa beti wa ndege, Aviator, na mtoto wa miaka 14 akiingia duka la beti anatarajiwa kudaiwa kitambulisho. Yule muuzaji wa koini hadai chochote. Tulimwendea, mimi na mama, kwenye kiduka cha tao chenye upana wa mlango mmoja. Kijana wa watu, mstaarabu, akatupa viti. Akatuonyesha kwenye simu yake kila agizo na saa iliyotimizwa. "Mali ilitoka, mama. Mimi siulizi kitambulisho, nauza koini tu." Hakusema uongo hata mmoja. Hata yeye namba zake na zangu zilifanana.

Ushauri wa kawaida kwa wazazi, ule wa kufunga manunuzi ya Play Store kwa nenosiri, usingezuia hata shilingi moja hapa. Wala mlango wa kurudishiwa pesa wa Google, ambao saa 48 za kwanza huwa wazi zaidi, haukutuhusu. Malipo hayakupita huko. Kwenye M-Pesa yalikuwa ni mauzo ya duka la chaja, yaliyothibitishwa kwa PIN sahihi.

Tuliyoyafanya

PIN ilibadilishwa siku ileile. Pesa za biashara zilihamia Pochi la Biashara kwenye laini nyingine, na laini hiyo hailali kwa mtoto. Kijana alifunguliwa M-Pesa Go, ile ya miaka 10 hadi 17 ambayo mzazi anaiona, na humo ndimo inaingia 150 yake ya wiki. Mama akalifuta gemu. Mimi sikukubaliana naye. Ningependelea kijana abaki nalo bila koini, aone lilivyo mlango ukifungwa, lakini mwana ni wake. Sasa anachezea PS, yaani PlayStation, kwenye kibanda cha kona, shilingi 20 kwa mechi, na akifungwa anatoka. PS sina ugomvi nayo.

Akaunti haikuuzwa. Mama alisema hawezi kumuuzia mtoto wa mwenzake.

Kabla gemu halijafutwa lilitupa kioja. Tulikuwa tumeketi watatu mezani, simu katikati, siku ya tatu bila kijana kuingia. Skrini ikawaka yenyewe: timu yako inakungoja, mizunguko kumi ya bure. Mama akasoma kwa sauti, akaniuliza, "Bure kweli?" Nikamtazama kijana ajibu yeye.

"Hiyo kumi ni bure," alisema.

Chama kilimkopesha mama 8,000 kwa riba yetu ya asilimia kumi, kulipwa kwa miezi minne, 2,200 kila mwezi. Deni la Fuliza lilikuwa limekwisha kabla hatujakutana. Kijana husimama mezani pa mama kila Jumamosi kuanzia saa mbili, na 200 za kazi hiyo haziingii mkononi mwake, mimi huziandika kwenye ukurasa wake nyuma ya daftari la chama. Aliomba asiandikiwe, aandike mwenyewe. Nimemwachia. Huandika tarehe, kiasi, na, bila kuambiwa na mtu, saa.